Juisi Safi Ndiyo Iliyotoka Chungu

"Mama Blenda anamnywesha binti yake usingizi."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, Jumanne asubuhi, nikiwa nimeshika ndoo nyuma ya ukuta wa bomba la uani. Waliokuwa wakisema hawakuniona. Mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Mama mzazi? Hebu acha uongo wako." Yule wa kwanza akajibu, "Mimi nimeyapata kwa Mama Barafu. Na Mama Barafu hasemi asichokijua."

Mama Blenda ni mimi.

Nilirudi ndani na ndoo tupu. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikafagia palipokwisha kufagiliwa. Maneno yakanifuata jikoni, yakanifuata bafuni, yakaja kukaa nami kwenye kochi. Uvumi wa uongo ungenikera siku mbili, ningeenda kumtukana mtu, ukaisha. Huu haukutaka kuisha. Mtaona kwa nini.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: binti yangu, mtoto wangu wa pekee, fundi cherehani, alianguka kutoka kwenye pikipiki ya mumewe ilipoteleza kwenye tope, akavunjika taya. Daktari akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wiki sita. Mumewe, yaani huyo mkwe wangu fundi friji, amepata kazi mji mwingine, safari ya saa kumi barabarani. Kampuni imempa nyumba, ila ni nyumba ya mwenye familia. Wasipohamia wote wawili kabla mwezi haujaisha, anapewa mwingine. Anamtaka mkewe. Nami sitaki aende.

Wiki iliyopita niliwasimulia tulivyogombana mimi na mkwe kwenye simu mpaka nikamkatia. Nilichofanya baada ya kumkatia sikuwasimulia. Niliona aibu. Mimi nimeishia darasa la saba, maneno ya kujipamba sina, kwa hiyo nitasema kama kilivyokuwa.

Mtu aliyefungwa taya hali chakula, anakunywa tu. Siku tunatoka kliniki daktari alinikalisha chini.

"Mama, kila kitu kiwe laini, kipite kwenye mrija. Akimaliza kunywa, asilale chali. Na hiki kikae karibu naye saa zote."

Akanipa kikoleo kidogo, cheupe, kinang'aa.

"Cha nini, daktari?"

"Cha kukatia waya. Akitapika na mdomo umefungwa atapaliwa, na hapo huna hata muda wa kuniita. Unakata hapa, na hapa, na hapa."

Nilibeba kikoleo kile mkobani kama nimebeba nyoka.

Tangu siku hiyo jiko langu likawa kiwanda. Ndizi mbivu nazimenya, nazikata duara, nazigandisha. Hizo ndizo zinazoifanya juisi iwe nzito kama krimu. Embe nachagua lisilo na nyuzi. Natia tui zito la nazi na kijiko cha asali. Nasaga mpaka blenda ibadilishe sauti, iache kugongagonga, ianze kunguruma taratibu. Hapo ndipo imelainika. Kisha nachuja, maana unyuzi mmoja wa embe ukinasa kwenye waya ni mateso ya siku nzima. Majirani wakawa wanaisikia blenda mara nne kwa siku. Wakanibatiza.

Na mwanangu alinawiri. Mashavu yalirudi. Alikuwa anakunywa mpaka mrija unakoroma, halafu ananinyooshea kikombe tena.

Mumewe alikuwa anapiga simu kila jioni. Mwanzoni binti hakuweza kusema, basi wakatunga lugha yao: yeye anauliza, mke anagonga simu kwa ukucha. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Umekula?"

Ko.

"Inauma?"

Ko-ko.

"Mama yako bado hanipendi?"

Ko. Na mwanangu anacheka kwa puani, mabega yanatikisika, nami nimesimama mlangoni na kichujio mkononi.

Wiki ya tatu mkwe akasema anakuja Jumamosi kumchukua. Nikamnyang'anya binti ile simu.

"Na waya mdomoni? Saa kumi za barabara? Akichefukwa?"

"Mama, nimemuuliza daktari. Amesema anaweza kusafiri, mradi tuwe na kikoleo."

"Na atakayekata ni nani? Wewe uliyemwangusha?"

"Mama, lile tope..."

Nikamkatia.

Sasa sikilizeni. Ndani ya droo kulikuwa na vidonge vya mafua, vile vya njano vinavyomlaza mtu. Nilikichukua kimoja, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, nikafikiri: nikimtia hiki kwenye juisi, mkwe atakuja Jumamosi atamkuta amelegea, ataona kwa macho yake kwamba huyu si wa kusafirishwa, ataondoka. Basi. Sikuwa na nia ya kumdhuru. Najua kila mama aliyefanya upumbavu husema hivyo.

Lakini kidonge kile kilikuwa kichungu. Nilikionja kwa ncha ya ulimi nikatema. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza la siku zile, kosa la mdomo. Nilikwenda kwa Mama Barafu.

Mama Barafu anauza barafu na juisi pale kwenye kona. Hakuna tunda asilolijua kwa jina na kwa tabia.

"Shoga," nikamwambia, "tunda gani linafunika uchungu?"

"Uchungu wa nini?"

"Wa... parachichi."

"Parachichi limekuwa chungu lini?"

"Hili langu lilikuwa na uchungu kidogo."

Akaacha kupasua barafu. Akanitazama. "Tia embe bivu sana na asali. Linafunika chochote." Nikashukuru. Nikaondoka. Nilipogeuka alikuwa bado ananitazama, nyundo mkononi.

Alhamisi nikatia kimoja. Akalala mchana kutwa, hata majirani waliopita kumjulia hali wakamkuta amelala. Ijumaa kimoja. Jumamosi asubuhi kimoja, na mkwe akaja, akamkuta ameegemea mito, kichwa kimeanguka begani. Alimwita mara tatu. Binti alifungua macho, akatabasamu kilevi, akayafumba.

"Mama, mbona amelegea hivi?"

"Si ndicho nilichokuambia?"

Alipiga magoti kando ya kochi, akamshika mkono, akaanza kuzungumza na ule mkono kama mtu anaongea na simu. Akauliza, "Unanisikia?" akangoja ukucha ugonge. Haukugonga.

Alisimama akapangusa uso. "Basi abaki wiki moja. Nitarudi Jumamosi ijayo. Mtunze, mama."

Alipoondoka niliimba jikoni. Andikeni hilo pia. Niliimba.

Jumapili binti alipata nguvu, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Nimemkosesha safari. Kesho napanda basi mwenyewe." Mimi nikasaga viwili.

Saa tisa mchana nilikuwa naanika nguo. Nikasikia sauti ndani, si kikohozi, ni kama mtu anayevuta kamasi chini ya maji. Nilipofika, mwanangu alikuwa ameteleza kwenye mito, amelala chali, na juisi inamtoka puani. Macho ameyafumba. Nikamwita. Nikampiga shavu lile lile la taya lililovunjika. Nikashika kikoleo. Hapa, na hapa, na hapa, hapa wapi? Kikoleo kikamgonga jino. Nikamgeuza ubavu, nikambamiza mgongoni kwa kiganja, nikambamiza tena.

Akavuta pumzi. Akafungua macho.

"Mama. Mbona unalia?"

Vidonge vilivyobaki nilivimwaga chooni, nikavuta maji mara tatu. Nilijiapia: tena, hapana. Na sikurudia. Hilo mniamini, kwa sababu kuanzia hapa kila kitu kinasimama juu ya hilo.

Siku mbili baadaye ndipo niliposikia yale ya bombani.

Alhamisi niliamka na wazo la kutengeneza juisi ambayo sijawahi kuitengeneza. Nilitaka kuomba radhi bila kufungua mdomo. Nilikwenda sokoni mapema. Nazi hazikuwepo, nikachukua maziwa freshi. Nikanunua embe, papai lililoiva mpaka linabonyea, na nanasi zuri, lile linalonukia hata halijakatwa. Nikatia ndizi zangu zilizoganda na kijiko cha asali. Nikasaga, nikachuja mara mbili. Nikaonja: tamu, tamu ya kufumba macho. Nikajaza jagi, nikafunika, nikaweka kwenye friji.

Asubuhi hiyo binti alikunywa uji mwepesi tu, akasema ile ya jagi atainywa mchana. Nikaenda kliniki kupanga foleni ya kadi ya kufunguliwa waya. Foleni ilianzia getini. Nilirudi saa nane na nusu, miguu imevimba, kadi mkononi, furaha imenijaa. Nikammiminia kikombe, nikatia mrija.

Akavuta mara moja. Akaacha.

"Chungu."

"Nini chungu?"

"Hii. Chungu, mama."

"Haiwezekani. Nimeionja mwenyewe."

Akaweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinacholipuka.

"Umetia nini?"

"Matunda na maziwa."

"Na nini?"

"Na asali."

"Na nini, mama?"

Mtu anayesema na meno yamefungwa hawezi kupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mbona unaniuliza hivyo, mwanangu?"

"Mama Barafu alikuja ulipotoka. Akaniuliza kama nalala sana siku hizi. Akasema nichunge ninachokunywa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimfukuza. Nikamwambia anayenilisha ni mama yangu." Akafuta jicho. "Halafu nikanywa hii."

"Lete." Nikakichukua kikombe, nikatoa mrija, nikagugumia. Ilikuwa chungu kweli. Uchungu wa dawa, unaokaa nyuma ya ulimi na kugoma kuondoka. Nikakimbilia jikoni, nikafungua kisu cha blenda, nikanusa mpira wake, nikapitisha kidole chini ya makali yake. Safi. Nikafungua droo. Hamna kitu. Nikaanza kujiuliza kama kuna mkono wangu mwingine unaofanya kazi nisipotazama.

Niliporudi alikuwa ameketi wima, simu sikioni. Sasa alikuwa anaweza kusema, hakugonga tena.

"Usingoje Jumamosi," alikuwa anamwambia mumewe. "Njoo na gari."

Nilinyoosha mkono kuchukua jagi nikalimwage. Akasema, "Liache. Ataonja mwenyewe."

Jagi likarudi kwenye friji. Jioni nzima alikunywa maji. Maji tu, mtu asiyeweza kutafuna, na aliyakinga mwenyewe bombani.

Ijumaa saa tano asubuhi mkwe akaingia. Alikuja na gari la bosi wake. Kiti cha mbele kimelazwa nusu, kimewekewa godoro dogo na mito miwili. Ndoo ya plastiki chini. Taulo. Na kikoleo chake mwenyewe, shingoni, kimefungwa kwa kamba kama filimbi ya refa.

"Nimefundishwa kliniki ya kule," akamwambia mkewe, "nimekata waya ishirini za mazoezi. Ngoja nikuonyeshe: hapa, hapa na hapa."

Alionyesha kwa kidole kwenye shavu lake mwenyewe, bila kusita. Na mimi ndiye niliyesema hawezi.

Kisha akafungua friji, akatoa jagi, akaonja. Akatema kwenye sinki.

"Mama, nieleze."

"Sijui."

"Hujui?"

"Naapa sijui."

Ulikuwa ukweli wangu wa kwanza kumwambia kwa wiki mbili, na hakuuamini hata kidogo. Akatafuta chupa yenye kifuniko.

"Naipeleka maabara."

"Kwanza kamwite Mama Barafu," binti akasema. "Yeye ndiye aliyesema anajua. Aje aseme mbele ya mama."

Mkwe akatoka. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani. Nilijua ananiletea shahidi wa kunizika.

Mama Barafu aliingia akipangusa mikono kwenye aproni, barafu bado imeganda kwenye vinyweleo vyake. Hakunisalimia. Alichukua kijiko, akachota, akaonja. Akasimama hivyo, kijiko mdomoni. Akaonja tena.

"Humu kuna nanasi?"

"Lipo," nikasema.

"Bichi? Hukulipitisha motoni?"

"Nani anapika nanasi?"

"Na maziwa?"

"Nazi zilikosekana."

"Na papai pia, naliona rangi yake. Ikakaa muda gani?"

"Tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane na nusu. Nilikuwa foleni."

Mama Barafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza.

"Hee, jamani! Mwanamke anasaga matunda mara nne kwa siku, jina lenyewe Mama Blenda, na hajui kwamba nanasi bichi linakula maziwa! Na papai nalo ni mlaji hivyo hivyo. Umeyaweka yote mawili kwenye jagi moja na maziwa, umefunga mlango, umeondoka! Ukinywa hapo hapo, tamu. Ukiiacha, inakuwa shubiri. Mimi mwaka niliofungua kibanda nilimwaga ndoo nzima, wateja wakanishika koo wanasema nimewatilia dawa ya minyoo."

"Sisadiki," mkwe akasema.

"Hutaki? Lete nanasi lililobaki."

Alisimama kwenye jiko langu kama la kwake. Alikata nanasi mafungu mawili. Fungu moja akalichemsha kwa dakika chache, akalipoza kwa barafu yake mwenyewe. La pili akaliacha bichi. Akasaga kila moja na maziwa yale yale, kwa blenda ile ile, mbele ya macho yetu. Akaonjesha kila mtu. Zote tamu. Akamimina glasi mbili, akazipanga mezani.

"Sasa tukae."

Tukakaa. Watu wanne na glasi mbili. Saa ya ukutani inatembea. Mkwe amekunja mikono. Binti ameegemea ukuta. Mara moja Mama Barafu alisema, "Ungetia tui, lisingekutenda hivi." Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Sijawahi kuona matunda yakilindwa namna ile.

Baada ya saa mbili na nusu mkwe akanyanyua ile ya nanasi lililochemshwa. Tamu. Akanyanyua ile ya nanasi bichi. Uso ukajikunja wote.

"Ndiyo ile ile," akasema. "Uchungu ule ule."

Akampa mkewe mrija. Binti akavuta kidogo, akaachia, akanitazama. Sura yake ikavunjika.

Mama Barafu akavuta pumzi. "Mwenzangu, nimekusema vibaya mtaa mzima. Kesho hiyo hiyo nitakwenda bombani kuyameza maneno yangu, wote wanisikie. Nisamehe."

Nikasema imekwisha. Nilijibu haraka mno. Naye aliponiangalia, niliona bado kuna kitu kimemkwama: uchungu wa parachichi. Alikuwa amekumbuka swali langu. Alifungua mdomo, akamtazama binti, akaufunga. Lakini hakuondoka.

Mkwe akavua kikoleo shingoni, akakiweka mezani.

"Mama, nilikuja hapa na moyo mbaya. Nilimwambia bosi wangu mama mkwe wangu ananiulia mke. Nilitamka hivyo. Gari nalirudisha. Tungoje waya zitoke, tungoje mpaka wewe mwenyewe uridhike. Nyumba ikipewa mwingine, ipewe. Nitapanga chumba."

Mnaona? Yote niliyoyataka, niliyoyasagia vidonge, yalikuwa mezani, nimepewa kwa mikono miwili. Nimepewa kwa sababu ya kikombe pekee ambacho sikukitia kitu. Vile vinne vilivyokuwa na dawa vilikuwa vitamu, akavisifia, hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeonja.

Ningeweza kusema asante, nikateleka maji ya chai.

Binti akashuka kwenye kiti. Nilidhani kizunguzungu, nikanyanyuka kumshika. Kumbe anapiga magoti. Mwanangu, na taya lake, na waya zake, amepiga magoti kwenye sakafu ya jiko, ameshika miguu yangu iliyovimba kwa foleni.

"Nisamehe, mama. Umeniuguza wiki nne. Nami nikaona unaniua."

"Inuka, mwanangu."

"Bado. Niambie jambo moja tu, ili lisinirudie tena kichwani." Alikuwa anasema polepole, neno baada ya neno, linapita kwenye waya. "Jumamosi ile nilivyolala, na Jumapili. Sikuwahi kulala vile maishani. Sema si wewe. Ukisema tu, mimi naamini, nabaki hapa na wewe, na hatulizungumzi tena mpaka tunakufa."

Mkwe alikuwa ananitazama kwa huruma. Mama Barafu alikuwa ananitazama, hana huruma.

Nikafungua mdomo. "Ni mimi, mwanangu."

Ninyi mnaouguza nyumbani, epukeni haya:

Usichanganye nanasi bichi wala papai lisilopikwa na maziwa ukaiacha ikae. Kama si ya kunywa hapo hapo, chemsha nanasi na papai kwanza, au tia tui la nazi badala ya maziwa.

Usiache kuchuja. Unyuzi ni adui wa mwenye waya.

Usimtilie mgonjwa kidonge kwenye kinywaji bila yeye kujua, hata kiwe cha mafua, hata kiwe kimoja.

Usimpe aliyefungwa taya kitu chochote cha kumlaza. Akitapika usingizini hataamka kukuambia.

Usimwache alale chali baada ya kunywa.

Usikae na kikoleo bila kujifunza pa kukata. Uliza mara mbili. Uliza mara tatu, wakuone mjinga.

Usimzuie mtoto kwenda kwa mwenziwe kwa kumtia udhaifu.

Na usimwache mtoto uliyemkosea akupigie magoti.